Nimekuchora Katika Vitanganja

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni Isaya 49:14-16.

Kabla ya kamera, Mmarekani aliyetaka kusafiri na sura ya mkewe au mwanawe alimwendea mchoraji wa picha ndogo. Mjini Boston mmoja wa waliosifika kwa kazi hiyo alikuwa mwanamke, Sarah Goodridge, aliyezaliwa mwaka 1788 huko Templeton, Massachusetts. Utotoni, kwa kuwa karatasi ilikuwa ghali, alikwaruza picha kwa pini kwenye magome ya miti. Sehemu kubwa ya ufundi alijifundisha mwenyewe. Mwaka 1820 alifungua chumba chake cha kazi, na Gilbert Stuart, yule aliyemchora Rais George Washington, akawa akimwelekeza.

Kazi hii haikumfaa mwenye papara. Picha ilichorwa kwa rangi za maji juu ya kipande chembamba cha pembe ya ndovu, cha kuenea kiganjani. Pembe hainywi maji kama karatasi, rangi huteleza. Basi ilisuguliwa kwanza, ikaondolewa mafuta, ndipo rangi ikawekwa nukta kwa nukta kwa ncha ya brashi. Na kwa kuwa pembe nyembamba hupitisha mwanga, mashavu ya watu wale huonekana kama yana damu ndani yake.

Pembe hiyo siwezi kuipita kimya. Miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, jirani na Boston, walikuwa wakinunua pembe Unguja, nazo zilifika pwani mabegani mwa watu, watumwa wakiwemo. Mungu aliwaona na hao.

Sarah hakuolewa. Brashi ilimlisha yeye na jamaa zake kwa miaka mingi, mpaka macho yalipofifia. Alifariki mwaka 1853.

Sasa msikieni Sayuni, yaani mji wa Yerusalemu: "Yehova ameniacha, Bwana amenisahau." Mungu anauliza kwanza kama mama aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, kisha anasema: "Tazama, nimekuchora katika vitanganja vya mikono yangu, kuta zako ziko mbele zangu daima." Kuta zenyewe zilikuwa zimebomolewa!

Mara nyingi tunafarijiana kwa mstari huu kana kwamba Mungu alituchora tukiwa tumevaa nguo za Jumapili. Mwaka 1825 Sarah alimchora mwalimu wake Stuart, mzee anayekaribia miaka 70, wala hakumpunguzia uzee. Huwezi kuchora uso mdogo namna ile bila kuutazama sana, kila mkunjo na kila unywele. Nami naamini Mungu alizichora kuta zikiwa magofu vilevile.

Tutakapokutana kwenye maombi ya katikati ya wiki, tusome sura ya 49 yote. Aliye na lalamiko kama la Sayuni aje nalo, asilipambe.