Bosi wa zamani hataki kulipa kazi ya mkataba: anzia hapa

Mafundi wengi wa Tanga huacha ajira, kisha mwajiri yuleyule akawaita tena kwa mkataba: kupaka rangi ghala, kuchomelea mageti. Malipo yakikwama, jiulize kwanza: safari hii ulikuwa mfanyakazi au mkandarasi? Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) husikiliza migogoro ya kazi tu. Mkandarasi huru anadai mahakamani, na anayekosea mlango hupoteza miezi.

Lakini usitishwe na neno "mkandarasi" lililoandikwa kwenye karatasi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinakuchukulia kuwa mfanyakazi hata likiwepo jambo moja tu: bosi alikupangia saa, alikupa vifaa, ulimtegemea yeye kwa kipato, au ulimfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho. Kwa hiyo picha za vifaa vyake na daftari la mahudhurio vitunze kama fedha.

Kama kweli ni mkandarasi, piga hesabu kabla ya kugomba. Kazi ya 1,800,000, ulipokea 600,000. Akikata kodi ya zuio (kodi anayoikata mlipaji na kuipeleka serikalini) ya 5%, yaani 90,000, unabaki kudai 1,110,000. Hiyo 90,000 hajakuibia, ila dai cheti chake cha zuio.

Andika barua: kazi gani, ilikabidhiwa lini, kiasi gani, alipe ndani ya siku 14. Toa nakala mbili, yako igongwe muhuri wa mapokezi. Meseji za WhatsApp zichapishe zikionyesha namba na tarehe.

CMA unajaza Fomu Na. 1, unampa mwajiri nakala, unapeleka na uthibitisho kwamba ameipokea. Dai la malipo lina siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. La kuachishwa kazi, 30. "Njoo wiki ijayo" ya bosi ndiyo inayomaliza siku hizo, na inauma kuona mtu mwenye haki akikwama hapo. Ukichelewa, utaomba kuongezewa muda kwa Fomu Na. 2, na ahadi za mdomo ni sababu dhaifu.

Usuluhishi wa CMA una siku 30 za kukamilika. Akikubali kulipa kwa awamu, usisaini mpaka kila awamu iwe na kiasi na tarehe yake.