Kuitetea Batman & Robin, pamoja na Mbwembwe Zake

Filamu ya Batman & Robin ilipotoka mwaka 1997, mashabiki wengi wa Batman, shujaa wa vitabu vya katuni anayevaa kama popo, waliipokea kama tusi. Walikerwa na chuchu za mpira kwenye mavazi ya mashujaa, na kadi ya benki yenye nembo ya popo, na Arnold Schwarzenegger, katika nafasi ya mhalifu Mr. Freeze anayegandisha watu, ambaye kila akifumbua kinywa hutoa mzaha wa barafu. Hata mwongozaji wake, Joel Schumacher, baadaye aliwaomba radhi watazamaji waliovunjika moyo. Naona radhi hiyo ilikuwa kubwa kuliko kosa.

Lawama hizo zilisimama juu ya imani kwamba Batman halisi ni yule wa giza na majonzi. Lakini kati ya mwaka 1966 na 1968, televisheni ya ABC ya Marekani ilirusha vipindi 120 vya Batman ambamo Adam West, aliyemwigiza shujaa huyo, alitamka upuuzi mtupu kwa uso mkavu, kama hakimu anayesoma hukumu, huku kamera ikiinamishwa upande katika maskani ya wahalifu na milio ya ngumi ikiandikwa kwa herufi kubwa kwenye skrini. Katika filamu yao ya mwaka 1966, Batman ananing'inia kwenye ngazi ya helikopta, papa wa bandia kamng'ang'ania mguuni, naye anaagiza ateremshiwe dawa ya kufukuzia papa, ambayo bila shaka imo ndani. Watengenezaji walijua fika walichokuwa wakikifanya: mtoto aone ushujaa, mzazi acheke.

Schumacher, aliyeanzia kwenye ubunifu wa mavazi, alirithi mbwembwe hizo na kuzimwagia fedha. Ni kweli kwamba Warner Bros. ilikuwa na hesabu zake, kwa sababu Batman Returns ya Tim Burton, ya mwaka 1992, iliwachukiza wazazi kwa ukatili wake, na studio ilitaka filamu ya kuuzia midoli. Ndiyo maana mashujaa wanavaa mavazi mapya kuelekea mwisho bila kisa kuwalazimisha. Hata hivyo, itazame Gotham, mji wa Batman, ya mbunifu Barbara Ling, yenye masanamu yanayoyazidi majengo kimo na taa za neoni kila kona. Mtazame pia Uma Thurman, katika nafasi ya mhalifu Poison Ivy, akijivua vazi la sokwe mbele ya matajiri, kama alivyofanya Marlene Dietrich katika Blonde Venus ya mwaka 1932. Huo si uzembe. Ni mtu anayeijua historia ya sinema na kuichezea.

Isitoshe, ndani ya kelele hizo kuna ugonjwa wa Alfred, mtumishi wa Batman, unaoigizwa kwa utulivu na Michael Gough, mzee aliyeishika nafasi hiyo katika filamu zote nne za Batman tangu ile ya mwaka 1989 hadi hii. Upole wa George Clooney, anayemwigiza Batman, uliodharauliwa sana, unafaa hasa anapomwambia mzee huyo kwamba anampenda.

Kasoro ninazoziona mimi ni nyingine: Alicia Silverstone, aliyemwigiza Batgirl, hakupewa kazi ya maana, na pambano la mwisho linachosha. Mkasi ungesaidia pale, wala mbwembwe zisingepungua.