Ukurasa wa tabaruku

Kitabu nilikinunua kwenye vibanda vya vitabu vya mitumba kando ya mto Seine, mwaka niliokuwa Paris nikisomea ualimu wa Kifaransa. Mgongo umechanika, kurasa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ni utenzi wa Roland, shujaa wa mfalme Charlemagne: upande mmoja Kifaransa cha kale, upande wa pili tafsiri ya Joseph Bédier, mtaalamu wa tenzi za zama za kati. Nilipofunua nikakutana na tabaruku. Bédier amekitoa kitabu kwa kisiwa cha Bourbon na kwa miungu ya wazee wake.

Bourbon ndiyo Réunion ya leo, kisiwa cha Wafaransa katika Bahari ya Hindi, na bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa ili apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Watu wa pwani yetu walivushwa kwenda visiwa vile vya Wafaransa kulima mashamba ya walowezi. Bédier alizaliwa Paris mwaka 1864, lakini alikulia Réunion, katika ukoo wa walowezi hao. Nilisimama pale kibandani hadi muuzaji akaniuliza kama nanunua au la.

Tangu siku hiyo siwezi kumsoma mtaalamu yeyote wa tenzi za zama za kati bila kujiuliza kwanza amesimama wapi.

Chukua mswada wenyewe. Utenzi ambao Wafaransa wanauita nguzo ya taifa lao umehifadhiwa Oxford, katika kitabu kidogo kinachoitwa Digby 23, kwa Kifaransa cha Wanormani wa Uingereza. Una mishororo 4,002 na hauna jina. Jina alilipatia Francisque Michel alipouchapisha Paris mwaka 1837. Guizot, waziri wa elimu, ndiye aliyemtuma Uingereza kutafuta miswada ya kale ya Kifaransa, kwa hiyo tangu mwanzo kazi hii ilikuwa ya serikali. Na miaka saba kabla ya hapo jeshi la Ufaransa lilikuwa limeuteka mji wa Algiers.

Halafu ikaja vita na Waprusi. Tarehe 8 Desemba 1870, Paris ikiwa imezingirwa, watu wana njaa, mtaalamu aitwaye Gaston Paris alifungua mihadhara yake kwenye chuo cha Collège de France kuhusu utenzi wa Roland na utaifa wa Ufaransa. Alikuwa amesomea Ujerumani ujanani, na maarifa yake ya lugha aliyapata kwa Wajerumani waliokuwa sasa nje ya kuta. Katika mhadhara uleule alisema elimu haina lengo jingine ila ukweli. Naamini alimaanisha. Lakini tazama kichwa cha mhadhara, tazama tarehe. Roland ni shairi la watu walioshindwa kwa kusalitiwa, wakafa kwa heshima, na mfalme wao akarudi kuwalipizia kisasi. Mji uliozingirwa ungetaka kusikia nini zaidi? Miaka miwili baadaye Léon Gautier, Mkatoliki wa kufa na kupona, alitoa chapisho lake ambamo Roland ni Ufaransa yenyewe iliyovaa mwili wa mtu. Haikuchukua muda shairi likaingia kwenye masomo ya shule.

Ila palikuwa na mwiba. Wataalamu wengi, Gaston Paris mwenyewe akiwamo, waliamini chimbuko la tenzi hizi ni nyimbo za kale za makabila ya Kijerumani, zilizopokezana mdomo kwa mdomo. Baada ya 1870 hilo lilikuwa gumu kumeza. Bédier ndiye aliyeung'oa. Kati ya 1908 na 1913 alitoa majuzuu manne akisema hakuna nyimbo hizo: tenzi zilizaliwa karne ya 11, kwenye njia za mahujaji na makanisa yake, na Roland ni kazi ya mshairi mmoja stadi, Mfaransa. Hoja zake ni nzuri. Nimezisoma mara tatu na bado zinanifundisha kazi. Lakini mtu huyuhuyu mwaka 1915 alichapisha kijitabu cha kuwashtaki Wajerumani kwa unyama wa vita, akitumia shajara za askari wao. Siwezi kuzitenga kalamu hizo mbili.

Mhispania Ramón Menéndez Pidal alimjibu mwaka 1959: utenzi ni mali ya wengi, kila msimuliaji anaongeza chake. Naye alikuwa na taifa lake la kulijenga.

Kinachonichoma zaidi ni jambo jingine. Agosti 778, kule Roncevaux, katika milima ya Pirenei, walioshambulia nyuma ya jeshi la Charlemagne walikuwa Wabaski, na Einhard, mwandishi wa maisha yake, anasema hivyo waziwazi. Utenzi umewageuza Waislamu, tena Waislamu wanaoabudu masanamu! "Paien unt tort e chrestiens unt dreit," unasema mshororo wa 1015: wapagani wana makosa, Wakristo wana haki. Mimi niliyekua nikisikiliza vita vya Mtume na Warumi vikighaniwa, kama vilivyo katika Chuo cha Herekali cha Pate, najua utamu wa kuwa upande wa washindi wa hadithi. Hapo ndipo nilipoonja kuwa upande wa pili.

Mshororo wa mwisho unasema hadithi anayoi-"declinet" Turoldus inaishia hapa. Kitenzi hicho kimewagonganisha wasomi: alitunga? alinakili? alisimulia? Ukimpa Turoldus utunzi, umempa Bédier mshairi wake mmoja. Ukimpa usimulizi, Menéndez Pidal anatabasamu. Mwezi uliopita niliuandika ubaoni, nikawaachia wanafunzi wangu nafasi ya neno hilo wazi. Msichana wa dawati la nyuma akasema, "Mwalimu, si aliughani tu?"

Nikaandika: aliughani. Nikaliacha ubaoni hadi kengele ilipolia.