Usiku Mmoja Ghorofa ya Nne, Moshi

Katikati ya mwezi wa Julai nilimsindikiza mama yangu kutoka Korogwe kwenda Moshi. Alikuwa amepewa rufaa ya kwenda KCMC kuonana na daktari bingwa wa mifupa, kwa sababu ya goti la kulia ambalo limemsumbua kwa zaidi ya miaka mitatu sasa. Miadi ilikuwa saa mbili asubuhi, na ili kuiwahi kwa basi tungelazimika kuondoka nyumbani usiku wa manane, jambo ambalo sikulitaka kwa mtu wa miaka 71. Nikaona ni heri tufike jioni, tulale mjini, na asubuhi tuchukue bajaji hadi hospitali.

Wiki mbili kabla ya safari nilipiga simu kwenye hoteli moja iliyo katikati ya mji, si mbali na Mnara wa Saa. Nilieleza bila kuficha kwamba nahitaji chumba cha chini chenye vitanda viwili, kwa kuwa mama hawezi kupanda ngazi. Aliyepokea simu akanihakikishia kuwa kipo, akanitajia bei ya shilingi 70,000 pamoja na kifungua kinywa, nami nikatuma nusu ya fedha hiyo kwa simu kama kishika nafasi. Ujumbe wa muamala niliuhifadhi, na ninao hadi leo.

Tuliondoka Korogwe saa tano asubuhi, tukapita Mombo, Same na Mwanga, na kwenye saa kumi na moja jioni tukawa mbele ya hoteli. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa umejaa mabegi makubwa yenye vumbi la mlimani, fimbo za kutembelea na viatu vilivyofungwa pamoja kwa kamba. Julai ni msimu wa watu wa mlima: mvua za masika zimekwisha, anga ni kavu, na kuanzia Juni hadi Oktoba Moshi hujaa wageni wanaopanda Kilimanjaro na wanaoshuka. Kundi lililokuwa pale lilikuwa limeshuka mchana huo kwa njia ya Mweka.

Binti wa mapokezi alimwamkia mama kwa heshima, akafungua daftari, akanyamaza kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba chumba chetu kimechukuliwa. Kilichobaki kilikuwa ghorofa ya nne, na hoteli haina lifti. Nilimwonyesha ujumbe wa muamala, naye hakuubisha. Jina langu lilikuwamo kwenye daftari lake, limekatwa kwa kalamu nyekundu.

Nikaomba kuonana na meneja. Alikuja akiwa na simu sikioni, akanieleza kwamba kampuni iliyoleta wale wageni huwaletea watu mwaka mzima, hivyo wasingeweza kuwakatalia walipoomba vyumba zaidi. Hakumsalimu mama, aliyekuwa ameketi hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama. Hakumpa hata pole. Katika mambo yote ya usiku ule, hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu mtu anaweza kukosa chumba cha kukupa lakini hawezi kukosa shikamoo.

Ninafahamu kwamba hoteli nyingi hupokea oda kupita idadi ya vyumba, wakijua kuwa baadhi ya wateja hawatatokea. Ninafahamu pia kwamba msimu wa mlima ndio unaolipa mishahara ya mwaka mzima kwa wapagazi, waongozaji, wapishi na wafanyakazi wa hoteli wa mji ule, wala sioni kosa kwa mwenye hoteli kumthamini anayemletea wateja thelathini kwa mpigo. Lakini aliyekata jina langu alikuwa na namba yangu ya simu. Angenipigia asubuhi ile, tukiwa bado Korogwe, ningetafuta mahali pengine, na mama asingepanda ngazi hata moja. Badala yake walibaki na fedha yangu na wakaacha tusafiri saa sita kwenda kwenye chumba ambacho hakipo.

Jua lilikuwa linazama na mama alikuwa amechoka, hivyo tukapanda. Ilituchukua karibu robo saa, kwa kuwa alipumzika kila kibaraza, akishika ukuta kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine. Chumba chenyewe kilikuwa safi: shuka zilinukia sabuni, chandarua hakikuwa na tundu, kufuli lilifanya kazi. Maji ya moto hayakuwapo, na baada ya muda hata ya baridi yakakatika. Binti wa mapokezi alipanda mwenyewe kutueleza kwamba wageni wote wameoga kwa wakati mmoja na tangi limekauka. Nilitaka kusema neno, mama akanitangulia: "Waache waoge, mwanangu. Wamekaa mlimani siku nzima ngapi bila maji." Kwenye saa tatu usiku binti yule alirudi na ndoo ya maji ya moto aliyoyachemsha jikoni, akaibeba hadi ghorofa ya nne, akakataa kupokea kitu. Ningependa mwajiri wake ajue hilo.

Mgahawa ulikuwa juu ya paa, yaani juu ya vichwa vyetu. Kundi lilisherehekea kufika kileleni, mita 5,895, kwa nyimbo, ngoma za mezani na spika, hadi saa saba kasoro. Ni furaha ya haki, na sikuwachukia. Lakini mgonjwa mwenye goti lililovimba alikuwa macho chini yao, amejifunika mablanketi mawili kwa baridi ambayo sisi wa Korogwe hatukuizoea.

Alfajiri, adhana ilipotoka, bomba lilikuwa bado kavu. Mama alitawadha kwa chupa ya maji ya kunywa niliyoinunua njiani, tone kwa tone, akaswali akiwa ameketi kitandani.

Kifungua kinywa kiliandaliwa kulekule kwenye paa, hivyo nilimletea chai na maandazi mawili. Wakati wa kuondoka niliomba nipunguziwe bei. Nikaambiwa nilipe yote, kwamba meneja atalitazama suala hilo na kunipigia. Hadi ninapoandika, wiki ya tano sasa, sijapigiwa.

Daktari alimpokea mama vizuri, akampangia kurudi Septemba. Siku hiyohiyo, kabla ya kupanda basi la kurudi, nilikwenda kwa miguu yangu kutafuta nyumba ya wageni upande wa hospitali. Niliipata ndogo, ya chini yote, yenye mwarobaini uani. Mama mwenye nyumba alitutembeza, akafungua bomba tuyaone maji, kisha akaandika jina la mama kwenye daftari mbele yetu. Mama alimuuliza swali moja tu, kama kuna ngazi. "Ni moja, mama," akajibiwa, "hiyo ya mlangoni, nayo umekwisha kuivuka."