Haki ya Kijamii Ipewe Kifungu cha Bajeti

Chuo kidogo ninachofundisha, pembezoni mwa jiji la Arusha, kinaandika upya dira yake, na katika rasimu iliyosambazwa kwa wakufunzi imeongezwa sentensi inayotamka kwamba chuo kinasimamia haki ya kijamii na ujumuishi wa makundi yote. Hakuna mkufunzi aliyeipinga, na hapo ndipo shaka yangu ilipoanza, kwa sababu sentensi isiyomgharimu mtu fedha wala saa ya kazi haina wa kuipinga. Maneno ya namna hiyo si mageni katika jiji hili. Azimio la Arusha lilipitishwa hapa Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari, na imani ya kwanza iliyotajwa ndani yake ni kwamba binadamu wote ni sawa. Katiba ya 1977 nayo inasema hivyo katika ibara ya 12. Kwa hiyo sioni haja ya chuo kututangazia kwamba kinaamini usawa. Ningependa kitaje kitakacholipia, na kianzie katika ofisi ya mhasibu.

Tunatoa astashahada na stashahada za maendeleo ya jamii na huduma za hoteli. Wanafunzi wetu wengi ni watoto wa wakulima wa Meru na Hai, wa wafugaji wa Monduli, Longido na Simanjiro, na wa watu wanaoishi kwa utalii: wapagazi, wapishi wa kambini, mafundi wa magari ya safari. Ada hulipwa kwa awamu, jambo ambalo tunalitangaza kama huruma yetu kwa wanyonge, lakini tarehe za awamu hizo zimepangwa kwa kufuata kalenda ya masomo, bila kuangalia wazazi wanapata fedha lini. Awamu inayowaumiza wengi hudaiwa Aprili. Huo ni mwezi wa masika, ambapo wapanda mlima hupungua, baadhi ya kambi za mbugani hufungwa, na mpagazi ambaye Agosti angelipa bila kuhangaika sana hukaa nyumbani akisubiri safari zirudi. Mkulima naye fedha yake iko shambani, katika mbegu na mbolea. Mfugaji ana ng'ombe, ni kweli, na wapo wanaodhani kwamba mwenye ng'ombe hawezi kukosa ada. Lakini waliopitia ukame wa 2021 na 2022 wanajua kwamba wakati kila boma linapopeleka mifugo mnadani ndipo ng'ombe aliyekonda anapokosa bei.

Mwanafunzi asiyekamilisha awamu hapewi kibali cha kuingia katika chumba cha mtihani. Huahirisha, muhula unaofuata deni huwa limekua, naye huondoka kimyakimya bila hata kuandika barua. Wengi ninaowakumbuka walioacha chuo hawakufeli somo lolote. Tukumbuke pia wanatoka wapi: tangu 2016 shule za sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kidato cha tano na cha sita navyo vimo, hivyo familia hukutana na ada kamili kwa mara ya kwanza mlangoni petu. Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka 2023/2024, ikilenga fani za kipaumbele kama afya, ualimu wa sayansi na kilimo, na msaada huo hauwafikii wanafunzi wetu wa astashahada. Juu ya ada kuna yale yaliyomo katika maelekezo ya kujiunga: usajili, kitambulisho, fedha ya tahadhari, sare ya jikoni, rimu za karatasi. Rimu hizo, kusema kweli, sijawahi kuelewa zinakwenda wapi zote.

Mhasibu wetu ni mtu muungwana, na alipopinga pendekezo langu la kusogeza awamu ya Aprili hadi Julai alikuwa na hoja: mishahara ya Aprili, wa kwangu ukiwamo, haiwezi kungoja watalii. Ndiyo maana ninazungumzia kifungu cha bajeti. Chuo kikitenga akiba ya kuziba pengo la miezi hiyo mitatu kwa wanafunzi ambao kipato cha nyumbani kwao kinajulikana kuwa cha msimu, kitakuwa kimefanya jambo linaloonekana, na fedha ya kuanzia inaweza kupatikana kwa kupunguza mahema, muziki na chakula cha wageni waalikwa siku ya mahafali. Pendekezo hilo la mahafali lilipokewa vibaya kuliko lile la awamu.

Kundi la pili ninalolifikiria ni la akina mama vijana. Kanuni za 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe shule kwa kosa dhidi ya maadili au kwa kuolewa, na kwa miaka mingi wasichana waliopata mimba waliondolewa kwa msingi huo. Juni 2017 Rais wa wakati huo alitamka hadharani kwamba hawatarudi. Msimamo huo ulibadilishwa Novemba 2021, na waraka wa elimu ukawafungulia njia ya kurejea katika shule za msingi na sekondari. Wale walioondolewa kabla ya hapo hawakuweza kuisubiri njia hiyo. Baadhi yao walifanya mtihani wa maarifa, ule unaompa sifa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne mtu aliyeachia shule njiani, kisha wakafanya huo wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, na sasa wako katika madarasa yetu, wakubwa kidogo kuliko wenzao, wakiwa na watoto wanaosoma au wanaonyonya. Vipindi vyetu huanza saa moja na nusu asubuhi, na anayechelewa kwa sababu ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake huandikwa mtoro. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi anayenyonyesha muda wa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wake, kwa hiyo mpishi wetu anayo haki hiyo, na binti anayejifunza upishi kando yake katika jiko lile lile hana. Chumba kidogo chenye mlango unaofungika, na ruhusa iliyoandikwa badala ya kutegemea moyo wa mkufunzi wa zamu, vingetosha kuanzia.

Kuhusu wanafunzi wenye ulemavu, ninaogopa ahadi kubwa. Mkalimani wa lugha ya alama anayekaa darasani muhula mzima ni gharama ambayo chuo cha ukubwa wetu hakiwezi kuibeba peke yake, na kumpokea kiziwi kwa shangwe kisha kumwacha akinakili daftari la jirani ni kumdhulumu. Heri tuseme wazi tunachoweza sasa. Mwanafunzi mwenye ualbino na uoni hafifu anahitaji karatasi ya mtihani yenye herufi kubwa, kiti cha mbele kisichopigwa na mwanga wa dirisha, na ruhusa ya kuvaa kofia na mikono mirefu wakati wa mafunzo ya nje, mambo ambayo karibu hayagharimu kitu. Losheni ya kukinga ngozi yake, ile ya Kilisun, hutengenezwa hapo Moshi, katika hospitali ya KCMC. Ushauri wa kitaalamu nao hauko mbali, kwani Chuo cha Ualimu Patandi kinachoandaa walimu wa elimu maalumu kiko Tengeru. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Sisi hatufiki idadi hiyo, hivyo tutakaloamua kuhusu ajira litakuwa la hiari yetu kabisa.

Limebaki jambo ambalo udogo wa chuo hulifanya kuwa zito zaidi. Tunapenda kusema kwamba hapa kila mtu anamfahamu mwenzake, na mara nyingi hilo ni jema, kwa kuwa mwanafunzi asiyeonekana siku mbili huulizwa. Lakini binti anayeombwa rushwa ya ngono ili apewe alama hunaswa na ukaribu huo huo. Sheria ya rushwa ya 2007 inalitaja kosa hilo waziwazi katika kifungu cha 25, na vyuo vimehimizwa kuwa na dawati la jinsia. Katika chuo chenye wakufunzi wachache, anayekaa katika dawati hilo hunywa chai ya saa nne meza moja na mtuhumiwa, pengine ni shemeji yake, na somo linalolalamikiwa linafundishwa na mtu huyo mmoja tu, kwa hiyo hata barua isiyo na jina humfichua aliyeiandika. Kutumia namba za mtihani mahali pa majina, na kumpa msahihishaji wa pili karatasi zote zilizofeli, kungepunguza nguvu ya mkufunzi mmoja juu ya mwanafunzi mmoja. Hilo linawezekana muhula huu.

Kwa malalamiko yenyewe nimependekeza tubadilishane na chuo jirani kilicho na ukubwa kama wetu: ya kwetu yasikilizwe kwao na ya kwao yasikilizwe kwetu, na mlalamikaji apewe namba ya simu ya mtu asiyefundisha hapa. Mkuu wa chuo amelikubali wazo hilo, na wenzetu wa upande wa pili hawakulikataa. Kinachojadiliwa kwa sasa ni nauli na posho ya wajumbe, itoke katika fungu la wanafunzi au la utawala. Mimi nimeshikilia kwamba itoke katika fungu la utawala.