Siku moja na mimi, ninayepunguza vitambi vya mbwa Arusha

Nikisema nafanya kazi kliniki ya mifugo watu wanauliza ng'ombe. Nikisema leo naenda Njiro kumwangalia mbwa aliyenenepa wanacheka hadi wanakohoa, eti watu hawana hela ya kula we unamfanyisha mbwa dayati. Haya, njooni mwone siku yenyewe. Halafu mi siyo dokta jamani, nina diploma ya chuo cha mifugo, LITA Tengeru, dokta ni bosi wangu aliyesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo, ila ukitembea na begi lenye sindano mji huu we ni dokta tu, nishachoka kukanusha.

Saa 12 na nusu asubuhi. Baridi ya mwezi wa saba, hiace imejaa, nasimama.

Saa 2. Kuosha vizimba, kuangalia friji ya chanjo maana umeme ukikata usiku chanjo zikapata joto zinaweza kuharibika. Saa 3 ni sindano, dawa za minyoo, mbwa wa Sombetini kajaa kupe hadi masikioni. Zinapita hizo.

Saa 4 Njiro. Hapa ndo siku yangu imeishia, kwa kweli.

Mbwa ni Labrador, dume, miaka sita, amehasiwa, na mbwa akishahasiwa mahitaji ya chakula yanashuka ila sahani hakuna anayeipunguza. Hataki kupanda gari ndo maana tunamfuata. Mzani wangu ni ule wa kusimama binadamu, kwa hiyo kaka mlinzi anapanda mwenyewe kwanza, 61, halafu anambeba mbwa. Kumbeba sasa! Mbwa anafikiri ni mchezo, analamba uso, mlinzi anayumba, mzani unaandika namba zinazoruka, tunarudia, mama mwenye nyumba anacheka anarekodi video. Mwisho umetulia 104. Toa 61 unabaki na 43. Mwezi uliopita alikuwa 42 na nusu. Anatakiwa awe kama 32.

Mama anasema, "Dokta, huo mzani wako mbovu, huyu mbwa hali kitu."

Nikamwekea mkono wake ubavuni kwa mbwa. Mbavu unatakiwa uzihisi kirahisi, kama unavyohisi mifupa ya mgongo wa kiganja ukiwa umenyoosha mkono. Yeye kabonyeza kabonyeza, anauliza mbavu ziko wapi. Tunawapa alama za unene 1 mpaka 9, 4 au 5 ndo pazuri, huyu 8. Kiuno hana.

Sasa upelelezi. Nikakaa jikoni nikaanza kuuliza mmoja mmoja. Dada wa kazi anampa kikombe cha zile punje kavu za dukani za chakula cha mbwa asubuhi na jioni, sawa kabisa nilivyoandika. Mtoto anamwachia chapati ya chai maana yeye haimalizi. Kaka mlinzi usiku anagawana naye ugali, tena kaniambia bila aibu, "Dokta, tunalinda wote, nile peke yangu anaangalia?" nikakosa jibu. Na bibi. Nimemwamkia shikamoo, marahaba mjukuu wangu, halafu bila kuulizwa akasema yeye humpa supu ya juu juu, ile yenye mafuta, na ngozi za kuku, kwa sababu mbwa mwembamba getini ni aibu, majirani watasema nyumba hii haina kitu. Na anaomba kwa macho, ana njaa!

Nikamweleza bibi taratibu. Kuna watafiti wa Cambridge kule Uingereza walitoa utafiti 2016, wakakuta karibu robo ya Labrador waliowapima wana hitilafu kwenye jeni inayohusika na kushiba, kwa hiyo mbwa anaomba hata tumbo likiwa limejaa. Bibi akasema, "Basi maskini anaumwa, mwongezeeni." Nikanyamaza kidogo nikanywa maji.

Kwa uzito wa kilo 32 hesabu ya kuanzia ni kama kalori 940 kwa siku nzima. Chapati moja ya mafuta inaweza kula robo ya hizo. Na hatumfungii chakula ghafla, tunataka apungue asilimia 1 mpaka 2 kwa wiki, kwake ni kama nusu kilo mpaka gramu 800, basi.

Nikadhani nimemaliza, mama ananiambia halafu anaharisha, anajamba sebuleni wageni wanahama. Tangu lini? Tangu mlivyomletea hizo punje. Mlichanganya na chakula cha zamani? Hapana, tulimwaga ugali siku hiyo hiyo. Na mkampa nini? Flagyl ya duka la dawa hapo nje. Jamani!! Utumbo wa mbwa una bakteria wake waliozoea msosi fulani, ukibadilisha kwa mpigo wanavurugika, ukiongeza na antibayotiki unaua hadi wale wanaosaidia. Inatakiwa siku 7 mpaka 10, robo chakula kipya, halafu nusu, halafu robo tatu. Nikawaambia warudi nyuma waanze upya taratibu, waongeze boga la kuchemsha bila chumvi wala sukari, vijiko viwili vitatu, nyuzinyuzi zinasaidia kinyesi kishikane na tumbo lijae. Na supu ya mafuta ikome kabisa, mbwa mnene akinywa mafuta mengi kongosho linaweza kuvimba, hapo siyo gesi tena, hapo anaweza kufa. Bibi hapo alinisikiliza.

Tulivyokubaliana: asubuhi chakula chote cha siku kinapimwa kinawekwa kwenye ndoo moja yenye kifuniko. Anayetaka kumpa kitu, awe mtoto, mlinzi, bibi, anachota humo. Ndoo ikiisha imeisha. Kaka mlinzi kaomba fungu la usiku likae getini kwake, nikasema sawa.

Kutoka pale saa 7 na kitu, kiuno kinauma, bodaboda anataka elfu tatu kisa nina mzani. Mchana sikumbuki vizuri, kulikuwa na paka, kulikuwa na mtu anataka cheti cha chanjo bila chanjo (hapana), nimekula ndizi mbili nimesimama.

Usiku nimelala nusu WhatsApp inalia. Mama wa Njiro katuma picha ya vikombe vitatu kwenye meza. "Dokta kikombe ulichosema ni kipi?" Kimoja ni cha lita nzima! Nimemwambia cha chai, kilichosawazishwa, na kesho anunue mzani wa jikoni apime kwa gramu. Dakika mbili baadaye namba ngeni, kaka mlinzi, anauliza kama maganda ya boga nayo yanahesabika.