Sebule iliyokataa kuwa krimu

Mwezi wa pili nilipaka sebule rangi ya krimu, ikatoka pinki. Si sana, lakini ukiingia asubuhi unaiona, hasa ukuta wa kushoto kuanzia usawa wa kiti kushuka chini. Mama alisimama mlangoni akauliza, "Hii ndiyo uliyolipia?"

Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga, kwenye barabara zile za namba. Alijenga babu, na sakafu ni ya saruji nyekundu, mama anaisugua kwa nta mpaka unajiona. Dirisha linatazama mashariki, na nje yake kuna mwembe wa jirani.

Nilitaka kurudi dukani kugomba. Niliamini mashine yao ya kuchanganya rangi imekosea. Fundi, mzee wa watu asiye na maneno mengi, akasema, "Subiri, mwanangu. Nipe mikeka." Akatandika miwili chini ya ule ukuta. Wallahi, pinki ikapungua mbele ya macho yangu! Jua likigonga sakafu nyekundu linarudi ukutani na wekundu wake, na rangi nyepesi haina pa kuuficha. Ingekuwa bluu iliyokoza nisingeona kitu.

Basi mkono wa pili wa rangi tukausimamisha. Nilinunua makopo madogo matatu ya kujaribia, nikapaka vipande vya boksi la televisheni, mikono miwili kila kimoja, nikaviacha vikauke hadi kesho yake, maana rangi ya maji ikiwa mbichi inaonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa. Wiki nzima nikawa navihamisha: karibu na dirisha, nyuma ya mlango, chini karibu na sakafu. Asubuhi, adhuhuri, na usiku taa ikiwaka. Taa zetu zilikuwa zile nyeupe kali, na chini yake krimu zote tatu zilifanana na ukuta wa zahanati. Nikabadilisha balbu, nikaweka za mwanga wa manjano. Hilo peke yake lilisaidia kuliko nilivyotegemea.

Iliyoshinda ni ile niliyoidharau dukani, krimu yenye kijivu kidogo ndani yake. Kwenye kadi ilionekana kama uji uliopoa. Kwetu, wekundu wa sakafu ukiigusa, inakuwa krimu hasa. Karibu na dirisha majani ya mwembe yanaitia ukijani saa nne asubuhi, nami nimeupenda.

Kuta za sebule zilihitaji kama lita kumi kwa mikono miwili, nikanunua galoni tatu za lita nne. Fundi akazimimina zote kwenye ndoo moja kubwa kwanza, ili kopo moja likitofautiana na jingine isije ikaonekana katikati ya ukuta.

Tuligombana na mama juu ya jambo moja tu: alitaka chini tupake rangi ya mafuta ya kahawia mpaka usawa wa kiuno, kama zamani, kwa ajili ya mikono ya wajukuu. Nilikataa. Sasa kuna vidole vitano vya mafuta ya samaki pembeni ya swichi, na mama anavipitia bila kusema neno, anavitazama tu.

Juzi ameniuliza bei ya vigae vyeupe vya sakafu. Nimemwambia akiviweka, rangi atapaka yeye.